Binti Zetu Si Wagibeoni

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Iyula kuna kauli inayotolewa kana kwamba imeandikwa katika Katekisimu: binti afundishwe kazi. Hutolewa alfajiri kabla jua halijachomoza, hutolewa tena jioni binti akiwa bado na sare za shule mwilini, na mara nyingi maana yake ni moja tu: chukua ndoo. Hatuna ugomvi na kazi. Mtume Paulo alishona mahema, na mtoto asiyejua kazi atawalemea wengine maisha yake yote. Ugomvi wetu ni na namna kauli hii inavyotumika kumfunika mtoto wa kike anayekosa masomo, huku kanisa likiitikia Amina.

Tunaandika tukiwa wazazi na washarika, na tunasema wazi tangu mwanzo. Binti anayechelewa shule kwa sababu ya maji hachelewi kwa mapenzi ya Mungu, wala kwa sababu ya ukame peke yake. Anachelewa kwa sababu watu wazima, wengi wao wabatizwa, wamekubaliana bila kikao chochote kwamba muda wake ndio wa bei rahisi kuliko wa mtu mwingine yeyote nyumbani.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina huruma wala upendeleo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kaya ya watu sita basi inahitaji lita 150. Hizo ni ndoo saba na nusu za lita 20. Tuseme safari nane. Kama kituo kiko mita 400 kamili, kila safari ni mita 800 kwenda na kurudi, na safari nane ni kilomita 6.4. Nusu ya njia hiyo ndoo iko kichwani, na lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20 kabla hujapima ndoo yenyewe. Foleni hatujaiweka. Na kumbukeni kwamba tumehesabu kaya ambayo sera imekwisha kuitimizia kila kitu. Kaya inayoshuka bondeni kwenye chemchemi, kisha ikapanda kilima na mzigo, haimo kabisa katika hesabu hii. (Najua atakayesema kaya nyingi hazitumii lita 150 kwa siku. Ni kweli, na hiyo nayo ni habari mbaya, kwa sababu maji yakipungua anayeambiwa asubiri kuoga ni yule yule aliyeyabeba.)

Nani anatembea kilomita hizo? Taarifa ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023 inasema kwamba duniani, katika kaya saba kati ya kumi zisizo na maji nyumbani, wanaobeba jukumu la kuyachota ni wanawake na wasichana. Kuhusu nchi yetu, Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP ya mwaka 2006 ilieleza kwamba mahudhurio ya shule ya wasichana wanaoishi dakika 15 au pungufu kutoka chanzo cha maji yalikuwa juu kwa asilimia 12 kuliko ya wale wanaoishi mwendo wa saa nzima au zaidi. Ripoti hiyo hiyo ikaongeza kwamba mahudhurio ya wavulana hayakuyumbishwa sana na umbali wa maji.

Hapo ndipo tunaomba msomaji asimame kidogo. Nyumba ni moja, ukame ni mmoja, njia ni moja, na wazazi ni wale wale. Maji yakiwa mbali, mvulana anawahi namba shuleni. Dada yake anafika darasa limekwisha kuanza, anasimamishwa nje na waliochelewa, anaadhibiwa kwa uvivu ambao hakuufanya. Mtu asituambie tena kwamba tatizo ni maji tu. Kama lingekuwa maji tu, lingewachelewesha wote wawili.

Huku Mbozi jambo hili lina msimu wake, na msimu huo hatujasikia ukitajwa katika mahubiri. Mvua zetu huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukoma mwezi wa nne au wa tano. Baada ya hapo ni kiangazi, vijito vinapungua, chemchemi inatiririka kwa uchovu, na kusubiri ndoo moja ijae kunahitaji uvumilivu wa Ayubu. Sasa angalia tunachofanya katika miezi hiyo hiyo. Kahawa inaiva. Ikichumwa lazima imenywe, ivundikwe, ioshwe, na kila hatua ni maji. Wenye kuimenya nyumbani kwa mashine ya mkono wanajua ni ndoo ngapi huishia katika gunia moja la kahawa safi. Ni msimu wa kufyatua tofali, na udongo haukandwi kwa mate. Ni msimu wa harusi, kwa sababu watu wana fedha ya mavuno na barabara zinapitika. Harusi ya watu mia tatu inapikiwa, inaoshewa vyombo, inanawishwa mikono, na mapipa yanayopangwa nyuma ya jiko siku mbili kabla hayakujazwa na bwana harusi.

Na katika msimu huo huo ndipo taifa linapowapima watoto wetu. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Wa kidato cha nne hufanyika kuelekea Novemba. Maana yake, wiki ambazo binti wa darasa la saba anapaswa kukaa na vitabu ndizo wiki ambazo chemchemi iko chini kabisa, kahawa iko kwenye matangi, tanuru la tofali linasubiri na shangazi anaolewa. Matokeo yakitoka tunakaa kwenye mabenchi ya kanisa tukishangaa kwa nini wasichana wetu hawakufanya vizuri katika hesabu. Wengine huthubutu kusema wasichana hawana kichwa cha hesabu. Kichwa anacho. Kilikuwa kimewekewa ngata.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi madhabahuni, nasi tutalisema kwa heshima lakini bila kuzunguka. Binti aliyevunja ungo anahitaji maji shuleni kuliko mtu mwingine yeyote. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Hata tundu likiwepo, kama hakuna maji, mlango wa kufungika na mahali pa kutupa taka, binti akiwa katika siku zake hubaki nyumbani. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha. Makanisa yalipaswa kupiga kelele mwaka ule. Kelele hizo tulizisubiri, na mimbari zikaendelea na ratiba zake.

Tugeukie Maandiko, kwa sababu wapo wanaotumia Biblia kuhalalisha ndoo. Wanamtaja Rebeka kisimani kama mfano wa binti mwema. Ni mfano mwema kweli, lakini Rebeka alinywesha ngamia wa mgeni kwa hiari yake, jioni moja, na habari yake ikaandikwa kwa sababu lilikuwa jambo la kushangaza. Haikuandikwa iwe ratiba.

Someni badala yake Kutoka sura ya 2. Kuhani wa Midiani alikuwa na binti saba. Walikwenda kuteka maji na kujaza mabirika, wachungaji wa kiume wakaja wakawafukuza, Musa akasimama akawasaidia, akanywesha kundi lao. Waliporudi baba yao aliwauliza kwa nini siku hiyo wamerudi mapema. Swali hilo linatuuma. Kama kurudi mapema kulimshangaza, basi kuchelewa alikuwa amekuzoea. Kila siku binti zake walifukuzwa kisimani na wanaume, kila siku walichelewa, na kuhani, mtumishi wa madhabahu, hakuona la kuuliza. Na Musa, tazameni alichofanya. Hakuwahubiria wale mabinti juu ya uvumilivu. Alisimama akateka maji.

Kisha fungueni Yoshua 9. Wagibeoni waliwadanganya Israeli kwa viatu vilivyochakaa na mkate ulioota ukungu, na adhabu waliyopewa ilikuwa kuwa wakata kuni na wateka maji wa mkutano na wa madhabahu, wao na vizazi vyao. Katika Biblia, kufungwa maisha kwenye kuni na maji kwa ajili ya wengine ni hukumu. Tunauliza, binti wa Iyula alimdanganya nani? Kwa kosa gani amehukumiwa kuchotea kaya, kuchotea harusi, kuchotea ujenzi wa nyumba ya mchungaji, na Jumamosi kuchotea maua na sakafu ya kanisa?

Tunajua swali hilo litawaudhi baadhi ya wazee wetu wa kanisa, na tunawaheshimu. Lakini tazameni ujenzi wowote wa kanisa vijijini. Mafundi wanalipwa. Saruji inalipiwa. Mchanga unalipiwa kwa tripu. Maji tu ndiyo yanayoitwa sadaka, na sadaka hiyo hutolewa na kina mama na mabinti, wakati mwingine siku ya shule, kwa tangazo lililosomwa Jumapili: kila familia ilete ndoo tatu. Familia ndilo neno la tangazo. Anayekuja na ndoo ni binti.

Wapo watakaojibu kwamba ndivyo mwanamke alivyoumbwa, kichwa chake kinajua kubeba. Hao tunawaalika waende mjini Tunduma, ambako maji ya kununua ni biashara. Wanaoyazungusha kwa baiskeli na mikokoteni ni vijana wa kiume. Ndoo ikiwa na bei, mwanamume anaibeba bila aibu, tena anatafuta tairi ili asichoke. Ndoo ikiwa bure, inarudi kichwani pa binti. Basi si maumbile. Ni malipo.

Pingamizi la pili ni lile la kwamba maji ni kazi ya serikali. Hili tunalikubali, na tunataka wanaolisema walimalizie. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Binti aliyezaliwa mwaka ule sasa ni bibi, na mjukuu wake ana ndoo. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, ikaundwa RUWASA, na vyombo vya watumia maji vya jamii vikapewa jukumu la kuendesha miradi. Kazi imefanyika katika vijiji vingi, na asiyeona ni mkaidi. Kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani nayo ni nzuri, ila imemsahau mtu mmoja. Katika nyumba nyingi mama alikwisha kutuliwa ndoo siku nyingi; alimtwisha binti yake wa kwanza.

Kama maji ni kazi ya serikali, mkristo anayesema hivyo tunategemea kumwona kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila baada ya miezi mitatu. Pale ndipo anapopaswa kuuliza fedha za maji zilizokusanywa ni kiasi gani, kwa nini koki iliyovunjika haijabadilishwa, kwa nini kituo kinafunguliwa saa ambayo wanafunzi wanatakiwa kuwa njiani kwenda shule. Saa za kufungua bomba ni uamuzi wa kikao, hazikushuka kutoka mlima Sinai. Lakini mikutano hiyo mara nyingi inahudhuriwa na wanaume wasiochota maji, nao hupanga saa za bomba kwa ajili ya watoto wasioalikwa. Mtu anayesusia mkutano kisha akasema tuwaachie serikali hajamwachia serikali chochote. Amemwachia binti.

La tatu ndilo gumu zaidi kwa sababu linavaa joho. Linasema kanisa lihubiri Injili, mambo ya maji na shule liwaachie wengine. Huku kwetu hoja hiyo haina historia ya kusimamia. Wamoravian walipofungua kituo cha misheni cha Mbozi mwaka 1899, Neno na kusoma vilikuja pamoja katika nchi ya Wanyiha. Nyumba ya ibada ikawa na darasa jirani, kwa sababu mkristo asiyesoma atategemea kusomewa. Wajukuu wa waliofundishwa chini ya miti ile ndio leo wanaosema shule si habari ya kanisa. Injili wanayotaka ihubiriwe ni Injili gani, ikiwa nusu ya watoto wa usharika hawatakuwa na muda wa kujifunza kuisoma vizuri?

Tena Yohana 4 huhubiriwa kila mwaka, mara mbili wakati mwingine, juu ya maji yaliyo hai. Mara chache mhubiri hufika pale mwanamke Msamaria alipouacha mtungi wake na kwenda mjini kuwaambia watu. Kwa saa hiyo moja mtungi haukuwa kazi yake. Alikuwa shahidi.

Sasa tuseme tunachotaka, maana malalamiko bila hoja ni rahisi.

Tunataka usharika utamke kwamba siku ya shule hakuna mwanafunzi, wa kike wala wa kiume, anayechotea maji kazi ya kanisa, wala ya harusi inayofungwa kanisani. Wanaotaka ibada ya ndoa Agosti au Septemba waandike katika bajeti ya kamati fedha ya maji, kama wanavyoandika ya mapambo na ya keki. Gari la ng'ombe lenye mapipa manne halishindi bei ya keki.

Tunataka wavulana wachote. Tunafahamu kicheko kitakachofuata. Lakini katika Marko 14 Yesu aliwatuma wanafunzi wawili mjini akawapa alama ya kumfuata: mwanamume aliyebeba mtungi wa maji. Katika mji uliojaa watu wa Pasaka alama hiyo ilitosha, na walimu wengi wa Biblia wanasema ilitosha kwa sababu mwanamume mwenye mtungi alikuwa kitu kisichoonekana. Hakuna aliyemcheka. Walimfuata mpaka kwenye nyumba yenye chumba cha juu. Shule ya Jumapili iwafundishe wavulana wetu habari hiyo, na baba zao waionyeshe kwa vitendo, kwa kichwa au kwa baiskeli, hilo tunawaachia wenyewe.

Na tunataka tangi. Hili tumelipigia hesabu. Paa la bati lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 ni mita za mraba 200. Milimita moja ya mvua juu yake ni lita 200. Mvua moja ya milimita 10, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida, ni lita 2,000; toa moja ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, unabaki na lita 1,600, ndoo 80. Maji hayo leo yanadondoka kwenye msingi wa kanisa na kuuchimba, kisha tunawatangazia mabinti walete maji ya kukarabati msingi. Tangi la lita 10,000 ni ndoo 500. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe imwagike, kwa sababu huosha vumbi na vinyesi vya ndege, na maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Tangi moja halitavusha kijiji kiangazi chote, na hatusemi litavusha. Litalitoa kanisa kichwani pa binti, na shule jirani itaona namna inavyofanyika.

Mfereji wa bati, mabomba, tangi na fundi, vyote pamoja ni gharama ambayo usharika unaiweza katika mavuno ya msimu mmoja wa kahawa, kama kila kaya itatoa. Katika mkutano mkuu wa usharika ajenda ya vipaza sauti vipya imekwisha kuorodheshwa. Ya tangi bado. Tunaomba iwekwe juu yake, na ipitishwe kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu mabati yako tayari.